Wenye Paswadi

Kuna sentensi moja ambayo kila mkaazi wa Nairobi amewahi kuambiwa akiwa kwenye foleni: sistimu iko chini. Utaambiwa benki, utaambiwa hospitalini, utaambiwa Huduma Centre na ulikuwa umeamka saa kumi na moja alfajiri ili uwahi. Anayekuambia hata hakutazami. Macho yako kwenye skrini, kana kwamba skrini ndiyo imemkosea. Nawe unatoa simu, unaingia X, unaanza kutusi. Unamtusi nani hasa? Benki, serikali, "hawa watu". Hufikirii kwamba katika ghorofa fulani mjini kuna mtu mmoja ambaye simu yake haijanyamaza tangu asubuhi, ambaye hajala, na ambaye huenda kufikia Ijumaa ataambiwa aende likizo ili kupisha uchunguzi.

Nawajua hao watu kwa sababu mimi ndiye huandika kwa majina yao. Niko na wateja watano, wote wakuu wa teknolojia: mmoja benki, mmoja hospitali, mmoja bima, mmoja kaunti, mmoja chama cha akiba na mikopo. Wananitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, mara nyingi usiku, nami nageuza maneno yao kuwa posti za LinkedIn kuhusu uongozi. Hiyo ndiyo kazi inayolipa nyumba yangu hapa Nyayo Highrise. Posti huwa ya Kiingereza, imepigwa pasi, ina aya fupi fupi na funzo mwishoni. Ujumbe wa sauti ni wa Kiswahili cha Nairobi na hauna funzo lolote.

Sauti: "Bana, hawa watu wa bodi wamenikalia. Nimeomba pesa ya seva ya akiba tangu Januari. Wanasema tungoje robo ijayo. Sasa ile siku itazima, si ni mimi nitaulizwa?" Posti: kiongozi bora wa teknolojia hujifunza kuzungumza lugha ya biashara.

Sauti: "Sijalala kwangu siku tatu. Mtoto ameanza kuniita anko." Posti: mabadiliko ya kidijitali ni safari, si kituo. (Hiyo ya safari na kituo nimeiuza mara nne, kwa watu wanne tofauti, na wote waliipenda.)

Mwanzoni sikuwahurumia. Mtu ana gari la kampuni, bima ya kampuni, karo ya watoto inalipwa, halafu ananilalamikia mimi ninayekula chapo madondo ya kuandikiwa kwenye daftari? Nilichukulia kama kelele za watu walioshiba. Lakini ukiwasikiliza watu watano wasiojuana kwa miaka miwili, na wote wanarudia jambo lile lile kwa maneno karibu yale yale, inabidi utege sikio. Wanachosema ni kwamba wamepewa funguo zote za nyumba, ila hawaruhusiwi kuamua hata mlango upi ukarabatiwe.

Hapa mtaani tunamjua mtu wa aina hiyo. Anaitwa keyateka. Keyateka wa bloku yetu ana ufunguo wa chumba cha pampu, wa geti, wa mita za stima. Pampu ilipoanza kulia kama mbuzi Februari, aliambia kamati. Kamati ikasema tutaangalia. Aprili pampu ikaungua, tukakaa siku sita tukibeba mitungi hadi ghorofa ya nne, na unadhani tulimfokea nani? Kamati walikuwa wanatumia ngazi ile ile na hakuna aliyewauliza kitu. Tulimfokea mwenye ufunguo, nikiwemo.

Tofauti ni kwamba keyateka akifukuzwa hapa atapata bloku nyingine Madaraka au Nairobi West, na hakuna atakayeandika habari zake gazetini. Mkuu wa teknolojia akiangushwa, jina lake ndilo litakalotokea kila mtu akilitafuta Google. Na kuna mmoja aliyelipa zaidi ya hapo.

Upande mmoja wa dirisha langu ni Mbagathi Way, upande wa pili ni mabati ya Kibera hadi macho yachoke. Wadi yetu iko ndani ya eneo bunge la Lang'ata, na hapa ndipo nilipopiga kura mara ya kwanza, tarehe 8 Agosti 2017. Nilikuwa na miaka 19, mwaka wa kwanza chuoni, nikisomea teknolojia ya habari. Nakumbuka nikiweka kidole kwenye kile kifaa cha KIEMS, kikikataa, kikikataa tena, kisha kikakubali na picha yangu ikatokea. Vifaa hivyo vilikuwa kama 45,000, kwa vituo 40,883 nchi nzima. Nilisimama pale nikiwaza: kuna mtu aliyehakikisha hiki kitu kinanijua. Na huyo mtu ameshakufa.

Chris Msando alikuwa meneja wa teknolojia wa tume ya uchaguzi, IEBC. Kabla ya hapo umma haukumjua, na ndivyo inavyokuwa kwa watu wa kazi yake. Alianza kujulikana wiki za mwisho kabla ya kura, alipoonekana kwenye televisheni akieleza jinsi mitambo itakavyofanya kazi. Kazi ya kueleza haikuwa ndogo. Mwaka 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vilizima katika vituo vingi na upeperushaji wa matokeo ukakwama, wakarudia karatasi. Kwa hiyo 2017 nchi nzima ilikuwa inauliza swali moja tu: hizi mashine zitaibiwa au hazitaibiwa? Msando akawa uso wa jibu. Alitoweka usiku wa Ijumaa, tarehe 28 Julai. Mwili wake uliokotwa Jumamosi upande wa Kikuyu, pamoja na wa msichana wa miaka 21, ukatambuliwa Jumatatu katika mochari ya City. Mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, alitangaza kwamba hakuna shaka aliteswa na kuuawa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Yaliyofuata ndiyo yanayonikaa kichwani zaidi. Siku moja baada ya kura, Raila Odinga alidai kwamba wadukuzi wameingia kwenye mfumo kwa kutumia utambulisho wa Msando. Tume ikakana. Kweli au si kweli, tazama hilo dai lenyewe: mtu amelala mochari, na jina lake la kuingilia kwenye mfumo bado linatembea, linashtakiwa, linatetewa. Baadaye kesi ikafika Mahakama ya Juu. Mahakama ikaamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutii kikamilifu, na tarehe 1 Septemba majaji wakaufuta uchaguzi wa rais, wanne dhidi ya wawili, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea Afrika. "Fungua seva" ikawa kauli ya mtaani. Watoto wa Highrise walikuwa wanaimbiana ngazini. Mimi nilicheka nao, lakini nilikuwa naujua huo mchezo kidogo kutoka darasani, na nilikuwa najiuliza maswali ya kipumbavu ya mwanafunzi: nani sasa ana paswadi? Nani alimrithi? Alikabidhiwa nini, na nani, wakati aliyepaswa kukabidhi hayupo?

Sikuacha chuo kwa sababu ya Msando, ingawa mamangu anapenda kuisimulia hivyo kwa sababu inasikika vizuri zaidi. Niliacha mwaka wa tatu, karo ilikwisha, basi. Lakini ni yeye aliyenifanya nione kwamba ile kazi niliyodhani ni ya kukaa na kompyuta ni ya kukaa na watu, tena watu wenye nguvu kukuzidi, wakati wana jambo wanalotaka.

Mauaji yake ni ya kipekee na sitaki kuyafanya mfano wa mambo ya ofisini. Mkuu wa teknolojia wa kampuni ya bima hatekwi njiani kwa sababu ya seva. Hata hivyo, wateja wangu wote watano wamenitajia jina lake bila mimi kuuliza. Yule wa kaunti alisema hivi: "Baada ya Msando, mke wangu aliniuliza kama najua siri za mtu. Nikamwambia, najua mishahara ya kila mtu. Akaniambia, basi usiseme unafanya kazi gani." Tangu hapo huwaambia majirani anauza printa.

Nje pia mambo si tofauti sana. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha data za wateja wake kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, ikafeli vibaya, na watu karibu milioni mbili wakafungiwa nje ya akaunti zao. Benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65 mwisho wa 2022. Miezi michache baadaye, Aprili 2023, msimamizi wa mabenki akamtoza faini mtu mmoja binafsi, kutoka mfukoni mwake: pauni 81,620. Alikuwa Carlos Abarca, aliyekuwa mkuu wa teknolojia. Kosa lilikuwepo, hakuhakikisha ipasavyo kwamba kampuni iliyopewa kazi ya mitambo ilikuwa tayari. Sawa. Lakini uamuzi wa kuhama, na tarehe ya kuhama, havikuwa vya mtu mmoja. Wateja wangu waliisambaza hiyo habari kama watu wanavyosambaza tangazo la tanzia.

Na sisi tuna yetu. Mwisho wa Juni 2023 serikali ilizindua kwa shangwe huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Kabla mwezi haujaisha, kundi lililojiita Anonymous Sudan likaushambulia mtandao huo. Pasipoti zikakwama, tikiti za treni zikakwama, hata kununua tokeni za stima kukawa shida. Siku ya uzinduzi waliosimama jukwaani walikuwa wanasiasa. Siku ya kuzima, nina hakika kulikuwa na vijana fulani ndani ya chumba chenye baridi wakinywa chai ya jana, na juu yao mkuu wao akipokea simu kutoka kwa watu waliokuwa jukwaani.

Kuna jambo lingine ambalo hawalisemi kwenye posti hata kwa mafumbo. Ni kwamba wamefika mwisho wa ngazi. Ukiwa mkuu wa fedha unaweza kuota kuwa mkurugenzi mkuu. Ukiwa mkuu wa mauzo, hivyo hivyo. Ukiwa mkuu wa teknolojia una miaka 44, unaota kuwa mkuu wa teknolojia mahali pengine. Hata kwenye makampuni ambayo teknolojia ndiyo bidhaa. Angalia Safaricom: wa kwanza kukaa pale juu, Michael Joseph, alikuwa mhandisi. Bob Collymore aliyemfuata hakuwa na digrii yoyote (nakiri kwamba jambo hili hunifariji zaidi ya inavyostahili). Peter Ndegwa aliyekuja Aprili 2020 alitoka Diageo, kampuni ya pombe. Simsemi vibaya, kampuni inaenda. Lakini mteja wangu wa bima alipomwona akiteuliwa alinitumia ujumbe wa sekunde nne: "Unaona? Bia. Bia imetupita."

Nikasema tena, siwahurumii wote, wala si kila kitu. Baadhi yao wamejijengea huo ukuta wenyewe. Kuna raha fulani ambayo mtu wa teknolojia huipata akiwa peke yake ndiye anayejua kitu. Anaongea vifupisho hadi mkutano mzima uangalie chini, anatoka akijiona kashinda, kumbe amewapa sababu ya kutomwita mkutano ujao. Mmoja wao aliweka paswadi muhimu kichwani mwake tu kwa miaka minane, akiamini hiyo ndiyo bima yake ya kutofutwa. Akapata ajali ya boda, akalazwa wiki mbili, kampuni nzima ikawa inamtembelea wodini na madaftari. Aliporudi walimshukuru, wakaandika kila kitu, halafu miezi mitatu baadaye wakamfuta. Nilimwandikia posti kuhusu kurithisha maarifa. Ilifanya vizuri sana.

Wa chama cha akiba ndiye ninayemjua kwa karibu, kwa sababu anaishi bloku ya nyuma yetu. Nitamwita Madam, kwa sababu ndivyo kila mtu humwita, hadi mama mboga. Tulijuana kwenye ngazi siku zile za kubeba maji. Ana miaka 47, alianza kama mtu wa kurekebisha printa, akapanda hadi juu kabisa ya idara yake, mwanamke peke yake katika meza ya wakuu tisa. Angeweza kuhamia Kilimani. Anasema Highrise iko karibu na mamake, na mamake hataki kusikia habari za kuhama.

Mwaka jana, tarehe 29 ya mwezi, siku ambayo mishahara inaingia na kila mwanachama anataka kutoa, mfumo wao ulilala. Haukuamka hadi kesho yake jioni. Wanachama walipokea ile meseji ya kawaida, kwamba kuna matengenezo na tunaomba radhi kwa usumbufu. Matengenezo gani bana, tarehe 29? Diski za seva zilikuwa zimekufa na ya akiba haikuwepo. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa ameiomba kwa maandishi mara tano. Siku ya tatu akapewa barua ya likizo ya lazima.

Alinipigia usiku. Nikadhani anataka posti. Nilikuwa hata nimeanza kuifikiria, ile aina ya "nilichojifunza kutokana na saa 30 ngumu zaidi". Akasema, "Kijana wangu, kuja hapa na laptop yako. Na usikule huko, nimepika."

Tulikaa mezani kwake usiku tatu. Alikuwa amechapisha barua pepe zote kabla hawajamfungia akaunti, na rundo lilikuwa kama la mitihani. Kazi yangu ilikuwa kuzipanga kwa tarehe na kuandika kurasa nne ambazo mtu wa bodi asiyejua seva ni nini angeweza kuzisoma na kuzielewa. Nilikuwa sijawahi kuandika kitu kigumu hivyo. Kila nilipoweka neno la kumtetea alilifuta. "Usiseme walipuuza. Sema nilituma tarehe 14 Machi, jibu lilikuja tarehe 2 Mei, jibu linasema hivi." Nikaandika "kwa masikitiko makubwa", akaangalia tu hadi nikafuta mwenyewe. Barua yake ya tatu kati ya zile tano ilikuwa na sentensi iliyosema kwamba hitilafu ikitokea mwisho wa mwezi, wanachama watakosa pesa zao kwa siku nzima au zaidi. Aliiandika miezi 11 kabla. Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele, kwa nini hakuenda kwa mwenyekiti akagonga meza. Akacheka.

"Ukiwa mwanamke na ugonge meza, watakumbuka meza. Na nilikuwa na watu 12 chini yangu. Ningefutwa, angeletwa mtu wa kuwakubalia kila kitu. Kwa hivyo nikakaa, nikawa nawasha kila asubuhi na maombi."

"Na maombi kweli?"

"Kweli kabisa. Nilikuwa nashika ile mashine hivi." Akaweka kiganja juu ya meza, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Alienda mbele ya bodi Alhamisi, kwa suti ya kijivu na zile kurasa nne, nakala tisa. Hakuna aliyemwomba msamaha. Lakini walimrudisha kazini wiki iliyofuata, na katika kikao hicho hicho wakapitisha seva ya akiba, diski mpya, na watu wawili zaidi wa zamu ya usiku. Vitu vya miaka miwili vilipita kwa dakika 20. Alinitumia ujumbe wa maandishi, jambo ambalo hakuwa analifanya: "Wamepita. Yote."

Alikaa miezi minne, hadi kila kitu kikafungwa, kikajaribiwa, kikazimwa makusudi usiku wa Jumapili na kikaamka chenyewe. Kisha akaandika barua ya kuacha kazi. Wengi walimwona mjinga, nami nilikuwa mmoja wao: ukishashinda si ndiyo unakaa? Alisema hakushinda. Alisema amechoka kuwa mtu ambaye ili aaminiwe lazima kwanza wanachama walale njaa. Sasa anashauri vyama vidogo vya akiba, vitatu kwa wakati mmoja, na kabla ya kukubali kazi huuliza swali moja tu: mkuu wa teknolojia wenu huketi kwenye kikao cha bajeti, au huitwa kikiisha? Wengine hawampigii tena.

Posti ya kuaga alitaka niandike mimi. Nilimpelekea rasimu tatu, zote akazikataa. Ya nne aliandika mwenyewe, kwa Kiswahili, kwenye simu, akiwa kwenye foleni ya maziwa pale chini: "Seva ya akiba imefungwa na inafanya kazi. Paswadi zote nimeziandika na kumkabidhi aliye baada yangu. Asanteni kwa miaka 19." Ilipata watu 11 walioipenda. Kumi walikuwa wa idara yake.